Mwacheni Bibi Asimame

Katika njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo kuja Tabora, mpagazi mmoja alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na ushei. Hapo hujahesabu mkeka wake, chungu chake na posho ya njiani. Wasafiri Waingereza Burton na Speke waliondoka Kaole, pwani, mwishoni mwa Juni 1857, wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora hii, tarehe 7 Novemba. Zaidi ya miezi minne kwa miguu: matope ya mabonde ya pwani, milima ya Usagara, ukame wa Ugogo, kisha pori la Mgunda Mkali kabla ya kuyaona mashamba ya Unyamwezi. Wanyamwezi ndio walioibeba biashara ile mabegani, pembe za ndovu kwenda pwani, vitambaa na shanga kurudi bara, na sifa yao ilikuwa miguu isiyoyumba.

Wajukuu wa watu wale nao wamezeeka. Wako Isevya, Gongoni, Ng'ambo na Chemchem, wako vijijini Uyui, Sikonge na Urambo. Na wanaanguka. Bibi anaanguka akielekea msalani usiku. Babu anaanguka akishuka behewa la treni, ngazi ya mwisho iko juu na chini ni kokoto tupu. Ukiuliza kulikoni, jibu liko tayari: "Uzee tu huo." Wengine watanong'ona kwamba ametupiwa kitu. Majibu hayo mawili yanafanana kwa jambo moja: yanamwondolea kila mtu kazi ya kufanya.

Nayapinga yote mawili. Kuanguka kwa mzee kuna sababu zinazoonekana, zinapimika, na sehemu kubwa yake hupunguzwa kwa mazoezi yasiyohitaji mashine wala umeme. Na kinachotuzuia zaidi, kwa nionavyo, ni mapenzi yetu wenyewe. Tunampenda mzee kwa kumkalisha, na kumkalisha ndiko kunakomwangusha tena.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Katika ajali zisizokusudiwa, ni za barabarani tu zinazoua zaidi. Wanaoongoza kwa vifo hivyo ni wenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Sisi tunazijua za barabarani kwa sababu zina king'ora, polisi na picha gazetini. Bibi aliyeteleza uani hana polisi. Atalazwa kitandani nyonga ikiuma, na akifariki baada ya wiki kadhaa kwa nimonia au vidonda vya mgongo, tutasema alikuwa mgonjwa.

Lakini kabla ya kuzungumzia mwili unaoanguka, tuuone unaosimama. Mwaka 1986 Profesa Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliowashangaza wanasayansi wengi. Waliwapima wanawake wa Kijaluo na Kikuyu wakitembea na mizigo, Wajaluo kichwani, Wakikuyu kwa mkanda wa kwenye paji la uso. Walikuta mwanamke anaweza kubeba mzigo unaofikia asilimia 20 ya uzito wake bila kutumia nguvu yoyote ya ziada. Mwenye kilo 60 anabeba kilo 12 za bure. Miaka tisa baadaye, katika jarida hilohilo, maelezo yalipatikana: kila hatua mwili huinuka na kushuka kidogo, na wanawake wale walikuwa wamejifunza kuitumia nguvu ya kushuka kuwasukumia hatua inayofuata, kwa ustadi kuliko watu wasiozoea kubeba. Ustadi huo hawakuzaliwa nao. Walianza utotoni na ndoo ndogo, wakaujenga kwa miaka. Hilo ndilo la kushika hapa, kwamba kusimama imara na kutembea bila kuyumba ni ujuzi wa mwili, unajengwa kwa kuutumia na unapotea kwa kuuacha.

Sasa mtazame mzee wa mtaa wa Kanyenye kabla ya alfajiri. Ametoka uani na birika kutawadha. Taa ya nje imezimwa, au haipo. Amenawa mikono, ameosha uso, amepaka maji kichwani, na sasa anainua mguu wa kulia ili auoshe. Kwa sekunde kadhaa amesimama kwa mguu mmoja, gizani, juu ya saruji iliyolowa, kandambili moja imevuliwa, kiwiliwili kimeinama mbele. Mtaalamu wa fiziotherapia akiambiwa abuni mtihani mgumu wa kumpima mtu asiyumbe, hatapata mgumu kuliko huo. Na mzee anaufanya kila siku akiwa ametoka usingizini dakika chache tu zilizopita.

Mwili husimama kwa habari zinazotoka sehemu tatu. Macho huuambia ubongo ulimwengu umekaaje. Nyayo na maungio ya miguu hueleza sakafu ikoje na uzito umeegemea wapi. Na ndani kabisa ya sikio kuna mirija mitatu ya nusu duara, imejaa maji, inayohisi kila mzunguko wa kichwa. Kijana akikosa moja, mbili zilizobaki zinamtosha. Mzee huenda mbili zilishapungua bila yeye kujua, naye anaishi kwa macho. Mchana anatembea sokoni vizuri tu. Taa ikizimwa, hana kitu. Daktari wa Kijerumani Moritz Romberg aliandika juu ya hali hii katika karne ya 19, na kipimo kinachoitwa kwa jina lake kinatumika hadi leo: msimamishe mtu miguu ikiwa pamoja, mwambie afumbe macho, ukae karibu umdake.

Vinavyozipunguza habari hizo vimejaa mitaani kwetu. Kisukari kinaua hisia za nyayo polepole, mtu anakanyaga bila kujua amekanyaga nini. Mtoto wa jicho anatia ukungu. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba wanawake wa zaidi ya miaka 70 waliowahishiwa upasuaji wa jicho la kwanza walianguka kwa kiwango kilichopungua kwa theluthi moja hivi kuliko wale waliosubiri foleni. Sindano za streptomaisini, ambazo wazee wetu wengi walidungwa zamani kwa ajili ya kifua kikuu, zinaweza kuharibu sikio la ndani moja kwa moja. Mzee wa namna hiyo anaweza kuwa amepona kifua miaka 40 iliyopita, lakini gizani hajapata kutembea sawasawa tangu wakati huo, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Dawa za usingizi zinapumbaza miguu. Dawa za presha, ambazo ni muhimu na hazifai kuachwa bila daktari, zinaweza kumfanya mtu aone giza anapoinuka ghafla. Ndiyo maana anayeamka usiku akae kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu chini, avute pumzi mara kadhaa, azungushe vifundo vya miguu, kisha ndipo asimame.

Kuna kizunguzungu kimoja kinachostahili kutajwa peke yake kwa sababu dawa yake ni mikono. Mtu anajigeuza kitandani, au anatazama juu kutoa kitu kwenye dari, na ghafla nyumba nzima inazunguka. Haidumu hata dakika moja, halafu inatulia, na akirudia mkao uleule inaanza upya. Kinachotokea ni kwamba vichembe vidogo vya chokaa, ambavyo kwa kawaida vimekaa mahali pake ndani ya sikio, vimetoka na kuingia kwenye mirija. Daktari wa Marekani John Epley alibuni namna ya kumlaza mgonjwa na kukigeuza kichwa chake kwa hatua, taratibu, mpaka vichembe virudi vilikotoka. Wagonjwa wengi hupona siku hiyohiyo au baada ya kurudiwa mara chache. Hakuna kidonge. Inauma kufikiria ni wangapi wamemeza vidonge vya malaria na vya presha kwa ajili ya vichembe hivyo.

Nirudi kwenye kumkalisha mzee. Mama yangu mkubwa anaishi Ng'ambo. Alipoanguka jikoni hakuvunjika, aliumia kiganja na akapata hofu. Binti zake walimhurumia kwa dhati. Ndoo wakaichukua wao, ufagio wakauchukua wao, hata kikombe cha chai akawa anapelekewa alipo. "Mama, wewe kaa tu, tupo sisi." Wageni walipokuja kumpa shikamoo walisifu jinsi anavyotunzwa. Mwaka haukwisha, akawa hawezi kuinuka mkekani mpaka ashikwe na watu wawili, huku na huku. Hakuna ugonjwa mpya uliompata. Miguu ilikuwa imeachishwa kazi.

Kasi ya jambo hili imepimwa. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwalaza kitandani wazee wenye afya njema kwa siku 10. Katika siku hizo tu walipoteza karibu kilo nzima ya nyama za miguuni. Hao walikuwa wazima, wanakula vizuri, wanaangaliwa na madaktari. Mzee aliyekaa kwenye kiti cha plastiki barazani kuanzia masika hadi kiangazi amepoteza mengi zaidi, na hofu nayo inamsaidia kuyapoteza. Anayeogopa kuanguka hutembea kwa hatua fupi, magoti yamekakamaa, macho yamekodolea miguu. Mwendo huo wa tahadhari ndio unaomfanya ajikwae.

Dawa yake haihitaji kubuniwa upya. Mjini Dunedin, New Zealand, watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago walijaribu programu ya mazoezi ya nyumbani kwa wanawake wa miaka 80 na kuendelea, wakachapisha matokeo ya kwanza mwaka 1997. Mtaalamu wa fiziotherapia alimtembelea bibi nyumbani mara nne katika miezi miwili ya mwanzo, akampangia mazoezi ya nguvu za miguu na ya kusimama bila kuyumba, nusu saa, mara tatu kwa wiki, pamoja na matembezi. Majaribio manne ya programu hiyo yalipounganishwa, maanguko yalikuwa yamepungua kwa asilimia 35. Mwaka 2019 ulitoka mkusanyo mkubwa wa tafiti 108 zenye washiriki zaidi ya 23,000, nao ukathibitisha kwamba mazoezi peke yake hupunguza maanguko kwa karibu robo. Mazoezi yenyewe, lakini, lazima yawe ya kusimama na yawe magumu kiasi. Kumkunja na kumnyoosha mzee mikono akiwa amekaa hakutoshi. Wataalamu wanataka saa 3 hivi kwa wiki, na faida huanza kuyeyuka mtu akiacha.

Kipimo cha kuanzia kinawezekana kwenye baraza lolote la Tabora. Chukua kiti imara chenye egemeo, kamba ya mita 3 uilaze sakafuni, na saa ya simu. Mzee avae viatu vyake vya kila siku, ashike mkongojo kama anautumia. Ukisema "haya", anainuka, anatembea hadi mwisho wa kamba kwa mwendo wake wa kawaida, anageuka, anarudi, anakaa. Kipimo hiki kilichapishwa mwaka 1991. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yuko katika hatari. Lakini mtaalamu mzoefu hatazami saa tu. Anatazama kama mzee amejisukuma kwa mikono ili ainuke. Anatazama mgeuko: je, amegeuka kwa hatua mbili tatu, au amekanyagakanyaga mahali pamoja kama anayetafuta ardhi? Anatazama mikono kama inapunga. Na mwishoni, je, amekaa au amejitupa kitini? Anayejitupa amekosa nguvu za mapaja za kujishusha, na huyo ndiye atakayepata shida chooni, hasa kwenye choo cha kuchuchumaa.

Baada ya hapo kazi inaanza, na ni ya kuchosha kwa namna nzuri. Kuinuka kitini na kukaa tena, polepole, mikono imekunjwa kifuani, mara 10, kisha pumzika, kisha tena. Akishindwa, weka mto kitini kiwe juu zaidi, ukiupunguza wiki hadi wiki. Kusimama mbele ya ukuta, vidole vya mikono vimeugusa tu, na kunyanyua visigino. Kusimama kwenye visigino, vidole vya miguu juu. Kutembea kimbavumbavu kuufuata ukuta. Kusimama mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kimegusa vidole, sekunde 10, kisha kutembea hivyohivyo kana kwamba unafuata mstari. Mwisho kabisa, mguu mmoja. Anayetaka uzito wa kufunga kifundoni ajaze mchanga kwenye kifuko cha kitambaa. Mtu awe karibu, nyuma kidogo, asimshike. Ukimshika, mazoezi unayafanya wewe.

Na Tabora ina hazina yake ambayo haipaswi kutupwa. Mzee anayeswali kwenye msala anashuka na kuinuka kutoka ardhini mara nyingi kwa siku tangu ujana. Watafiti wa Brazil waliwapima watu 2,002 wenye miaka 51 hadi 80 namna wanavyokaa chini sakafuni na kuinuka bila msaada, na mwaka 2012 wakaripoti kwamba waliohitaji kushikilia sana walikufa kwa kiwango kikubwa zaidi katika miaka iliyofuata. Kwa hiyo mzee anayeweza bado kusujudu na kuinuka asiharakishwe kupewa kiti msikitini, na bibi anayekaa mkekani kuchambua mchele asinyang'anywe mkeka. Anachohitaji ni kufundishwa kuinuka vizuri: ajigeuze ubavu, apige magoti na viganja, asogee kwenye kiti au ukingo wa kitanda, aweke mguu wenye nguvu mbele, asukume. Ujuzi huohuo utamwokoa siku akianguka akiwa peke yake nyumbani. Na yule wa birika la alfajiri awekewe benchi ukutani akaoshee miguu hapo, huku zoezi la mguu mmoja akilifanya mchana, ukutani, macho yakiona.

Nyumba nayo ina dhambi zake: kizingiti kirefu cha mlango, kapeti iliyokunjika pembe, kandambili iliyolegea, kanga iliyofungwa ikaburuza chini. Taa ndogo ya sola kati ya chumba na choo ni bei ya vocha chache tu. Mkongojo, ambao huku wengi wanauchonga kwa mninga, una makosa mawili ninayoyaona kila mahali. Kwanza ni mrefu mno. Mzee akisimama mikono ikining'inia, mshikio uishie kwenye kifundo cha mkono. Pili unashikwa mkono usio wake. Goti la kulia likiuma, mkongojo ushikwe kushoto, utangulie pamoja na goti linalouma. Na ncha ya chini ivalishwe mpira, hata wa kukata kwenye tairi bovu, maana mti mtupu juu ya saruji yenye maji ni mtego.

Kinachobaki ni nani atafanya kazi hii. Kwa sera, mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anasamehewa gharama za matibabu, na hospitali ya rufaa ya mkoa, Kitete, iko mjini. Lakini mkoa huu, kwa sensa ya 2022, una watu zaidi ya milioni 3.3, na eneo lake ni pana mno. Bibi wa kijijini Sikonge hasamehewi nauli ya bodaboda wala ya basi, na mazoezi yanadai kurudiwa wiki baada ya wiki. Wataalamu nao ni wachache. WHO inasema katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati kuna wataalamu wa utengamao, wakiwemo wa fiziotherapia, wasiofikia 10 kwa kila watu milioni moja. Ukisubiri kila mzee amfikie mtaalamu hospitalini, utasubiri hadi uzeeke wewe.

New Zealand walikutana na swali hilohilo na wakajaribu kitu: walimfundisha muuguzi wa wilaya asiyekuwa mtaalamu wa fiziotherapia aipeleke programu ileile majumbani, mtaalamu akimsimamia. Maanguko yalipungua vilevile. Sisi Watanzania, Januari 2024, tulizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Watu hawa wanaingia hadi uani. Wanamjua bibi aliyeacha kwenda kisimani, wanamjua babu ambaye hajaonekana msikitini wiki mbili. Mtaalamu mmoja wa Kitete, akipewa usafiri na siku chache za mafunzo kila wilaya, anaweza kuwafundisha kupima kwa kiti na kamba ya mita 3, kumwonyesha mzee mazoezi sita, kuuliza juu ya sindano za kifua kikuu za zamani na kizunguzungu cha kujigeuza kitandani, na kumtambua yule ambaye kweli lazima apelekwe hospitali. Halmashauri za Tabora zinapanga bajeti zao kila mwaka. Naziomba, kwa niaba ya mama mkubwa na wenzake, zianze na wilaya moja.